Manowari Iliyokwama Mbozi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu nikiwa mtoto sijawahi kuanza maongezi na wewe bila shikamoo, na sioni kwa nini kaburi linifundishe utovu wa adabu leo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yako hapa Mbozi, upande ule unaotazama bonde. Ukungu umeshuka kama ulivyokuwa ukiupenda. Umefunika mibuni yote ya chini, umefunika mto na njia ya kwenda Misheni, na ni vilele vya mikaratusi tu vinavyochungulia. Saa kama hii ulikuwa unatoka na kikombe chako cha bati, unasimama hapa hapa, miguu imeachana kidogo, kana kwamba sakafu ya saruji ingeweza kuyumba wakati wowote. Mama alikuwa anakuuliza kutoka jikoni, "Unaangalia nini huko na hakuna kinachoonekana?" Nawe ulimjibu, "Ndiyo hicho ninachokiangalia." Nilikuwa mdogo, nikaamini kabisa kwamba chini ya ukungu ule kulikuwa na meli.

Nina jambo la kukueleza, na nitalieleza kwa kuzunguka kama ilivyo kawaida yangu, kwa hiyo univumilie. Mjukuu wako Sekela, binti yangu, yule uliyembeba mabegani akawa anakung'oa mvi, ameitwa na jeshi la wanamaji. Karatasi zote anazo. Ana miaka ishirini na mmoja, hahitaji saini ya mtu. Alichokuwa anakihitaji ni maombi yangu, na mimi nilikataa kumwombea.

Unajua mambo ya kwetu. Mtu haanzi safari ya maana mpaka apige magoti sebuleni na mkubwa wa nyumba amwekee mkono kichwani. Ukiondoka bila hivyo, umetoroka, hata kama umetoka mchana kweupe na umeaga majirani wote. Wewe na Mama hampo, kwa hiyo mkubwa wa nyumba hii sasa ni mimi. Nilipomwambia Sekela siombi, hakubisha. Alifunga begi lake, akaliweka karibu na mlango, akaenda kunisaidia kugeuza kahawa kwenye vichanja vyako hapa hapa Mbozi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya kuripoti ilikuwa inakaribia, mabasi yalikuwa yanapita Vwawa kila siku kuelekea Dar es Salaam, na begi lilikuwa pale pale mlangoni. Siku tatu, Baba. Katika siku hizo tatu nilikukumbuka kuliko wakati mwingine wowote, na sehemu kubwa nilikukumbuka kwa hasira.

Nilianza na ile jioni uliyokuja likizo na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Ulichukua kipande cha mkaa ukachora manowari kwenye sakafu ya jikoni. Hukuchora ya kwenu. Ya kwenu ulisema ni ndogo, ya kufanya doria pwani tu. Ulichora ya wageni, iliyokuja kutembelea bandari ukiwa zamu. Ukachora ndege juu yake, moja, mbili, tano. Nikakuuliza hizo ndege zimefanya nini humo. Ukasema zinaruka kutoka hapo na kutua hapo hapo. Mama akaweka mwiko chini.

"Kiwanja cha ndege? Juu ya maji?"

"Juu ya maji."

"Baba Tumaini, pombe usiyokunywa hapa umekunywa njiani."

Ulicheka hadi ukakohoa. Mchoro ule haukufutwa kwa wiki nzima, tuliuruka tukipita na sufuria. Mimi ndiye huyo Tumaini, na nilikuwa nalala nikiota uwanja mrefu wa kijivu unaoelea, na wewe umesimama mwisho wake unazipungia ndege bendera.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, kutoa ishara. Bendera mchana, taa gizani. Nilifikiri mtu wa manowari kazi yake ni kupiga mizinga, nikakuuliza umeua wangapi. Ukaniuliza, "Wewe ukilinda mahindi, unaua ngedere wangapi?" Nikasema siui hata mmoja, nakaa tu kwenye jiwe, wakiniona hawaji. "Basi," ukasema, "na sisi tunakaa kwenye jiwe." Ulinieleza kwamba manowari bora ni ile inayorudi bandarini na risasi zake zote, kwamba nchi yenye manowari haihitaji kupiga kelele, inatosha wenzake wajue ipo mahali fulani kwenye upeo wa macho. Sikuelewa nusu ya maneno yale, lakini nilijivunia jiwe langu mwaka mzima.

Halafu akaja Daudi, mdogo wangu, na Daudi akaondoka kabla hajatambaa. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Walikupelekea habari, lakini habari ilifika bandarini na wewe ulikuwa doria, na meli haigeuzwi kwa ajili ya mtoto mmoja wa Mbozi. Namkumbuka Mama siku ya mazishi. Wanawake wenzake wanaimba, yeye haimbi, anaangalia njia. Kila mtu alijua hujapata habari, na yeye alijua, lakini shingo yake haikuacha kugeuka. Ulifika siku ya ishirini baada ya mazishi, na zawadi ya kijoho kidogo cha sufu, kwa sababu bandarini walikwambia tu mtoto mgonjwa na hakuna aliyethubutu kukwambia zaidi. Mama alikipokea, akakikunja, akakuletea maji ya kuoga. Hakukulaumu siku hiyo, na sikumsikia akikulaumu siku nyingine yoyote. Mimi ndiye niliyeshika lawama, nikiwa na miaka saba, nikaitunza vizuri.

Mwaka uliofuata mkataba wako ulikwisha. Walikuwa wamekuita utie saini mkataba mwingine na uende masomoni nje, ukirudi uwe mkubwa wa watoa ishara wote. Nayajua haya sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba begi liko mlangoni. Ulipiga magoti pale sebuleni, Babu akakuombea, akasema Amina, wote tukasema Amina. Ulipoinuka nilikukamata suruali kwa mikono miwili nikasema, "Usiende tena." Babu alinikemea, Mama alinivuta, sikuachia. Nilidhani utanibandua vidole kimoja kimoja. Badala yake ulishusha begi chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, ukaketi. Basi likapita barabarani bila wewe.

Mtu aliyeombewa akaagwa halafu asiondoke! Kanisani walikucheka miezi. Ndipo walipokubandika jina la Mzee Manowari, na yule mzee wa baraza mwenye kibiongo akikuona anauliza, "Manowari bado imekwama Mbozi? Maji yamekupwa?" Ulikuwa unacheka pamoja nao. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nimeshinda, Baba, na mtoto aliyeshinda haulizi mwenzake amepoteza nini.

Ukalifanya shamba kuwa meli. Tuligawiwa zamu, nani wa kumenya, nani wa kuosha, nani wa kugeuza kahawa vichanjani. Na juu ya mlingoti ulioufunga kwenye mkaratusi ukaweka bendera zako. Khanga nyeupe, chakula tayari. Kitenge cha bluu, mgeni amefika. Kitambaa chekundu, manyunyu yanakuja, kila mtu akimbie kufunika kahawa. Kwanza tulikuwa sisi tu, kisha jirani wa ng'ambo ya bonde akajifunza, kisha wa pili, mpaka mteremko mzima ukawa unasoma mlingoti wako kuliko unavyoangalia mawingu.

Unakumbuka zamu ya Mama ya kufua majoho ya kwaya? Thelathini na kitu, mekundu yote, akayaanika kwenye kamba kutoka mlingotini hadi jikoni. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Ghafla bonde zima likawa mbio. Watu wameacha ibada ya kumwombea mgonjwa, wameacha chakula, wanavuta maturubai, wanapiga mayowe kuitana. Mwinjilisti mwenyewe alionekana akikimbia na mkeka. Walipomaliza kufunika kila punje waliinua macho wakaona mbingu safi kama sahani. Wewe ulikuwa umesimama hapa kwenye ngazi, machozi ya kicheko yanakutoka. "Wametii wote," ulisema, "hata mmoja hakuuliza!" Mama naye: "Kwa hiyo nikianika nguo niombe kwanza ruhusa ya jeshi?" Jioni majirani walikuja kudai maelezo wakaishia kula. Nadhani siku ile ulikuwa na furaha uliyokuwa nayo baharini, na nakiri kwamba wakati huo niliona wivu kidogo juu ya bahari.

Nilipofika miaka kumi na miwili ulinichukua Tunduma kununua mashine ya kumenyea kahawa. Tulishuka Chapwa tukatembea kando ya foleni ya malori, na foleni haikuwa na mwisho. Ulitembea ukisoma kila lori kama unavyosoma mlingoti. Dereva mmoja Mzambia alikuwa ameketi kivulini anakaanga mayai kwenye jiko dogo. Ukamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani mukwai," akafurahi, akatupatia ndoo ya kukalia.

"Umebeba nini?"

"Shaba, mudala," akasema, yaani mzee. "Nikirudi nabeba mafuta."

"Na unajua nani anakulindia mzigo wako?"

Alicheka. "Polisi?"

"Polisi wanaishia barabarani. Ukishaipakia ile shaba melini, mbele huko kuna maji mwezi mzima. Nani amekaa hapo?"

Dereva alifikiri, akageuza mayai. "Kumbe kuna mtu?"

Ulifurahi mno kwa swali lile. Ulimweleza hadi mayai yakapoa: kwamba bahari ina milango myembamba, na kila mlango una mtu anayeutamani. Kwamba wafalme wa zamani walipigania milango hiyo na wakubwa wa leo bado wanaipigania. Kwamba mwenye manowari pale mlangoni anaweza kuwanyima watu mkate bila kufyatua risasi, au akawapa. Mimi niliangalia yale malori na ghafla nikayaona yamelowa, yanadondosha maji ya chumvi kwenye vumbi la Tunduma. Ilikuwa kama ndoto, na bado nikipita pale huwa inanirudia.

Mwaka wa mwisho wa uhai wako nilikuuliza. Tulikuwa vichanjani, vidole vyako vilikuwa vimeanza kutetemeka, ulikuwa unachambua punje mbovu polepole. Nikasema, "Baba, uliwahi kujuta kubaki?" Nilitaka useme hapana, hilo ulilijua. Ukachambua punje mbili tatu. "Jumatatu nilikuwa najuta," ukasema. "Jumanne nilikuwa na kazi." Tukacheka. Lakini nililibeba jibu lile hadi nyumbani kwangu Mpemba na tangu hapo sijawahi kuliweka chini. Zilikuwa Jumatatu ngapi hizo, Baba, na zote nilikufungia mimi kwa mikono miwili.

Sasa nikueleze ya Sekela.

Ninalo duka la pembejeo hapo Mpemba, hukulikuta. Msimu wa kupandia uliopita mbolea haikufika. Niliambiwa wiki ijayo, kisha wiki ijayo nyingine. Wakulima walikuwa wanakuja wanakaa kwenye benchi langu wananitazama kama mimi ndiye nimeificha uvunguni. Mzee mmoja alikuwa anatoka Ileje, anapanda pikipiki, anafika, anakaa.

"Mama Sekela, hiyo mbolea inakuja kwa miguu?"

Sekela alikuwa amemaliza yale mafunzo ya jeshi ya vijana wanaotoka shule, yupo nyumbani ananisaidia. Akajibu kabla yangu. "Mzee, meli imezunguka Afrika nzima, inaogopa kupigwa."

"Kupigwa na nani?"

Akachukua kalamu, akachora kwenye mfuko mtupu wa mbolea. Akachora Bahari ya Shamu, akachora mlango wake mwembamba, akachora meli za mizigo zinazoshambuliwa pale na nyingine zinazogeuka kwenda kuzunguka ncha ya kusini. Akachora manowari za mataifa zinazozisindikiza zile zinazothubutu kupita. "Zipo, mzee, ila bahari ni kubwa na zenyewe hazitoshi."

Mzee aliangalia mchoro kwa muda mrefu. "Sasa sisi wa Ileje," akasema, "tumemkosea nani?"

Mahindi yake yale nilikuja kuyaona baadaye, ya njano, yamefika magotini yakachoka. Sekela aliyaona pia, tulikuwa wote. Alisimama ukingoni mwa shamba lile miguu imeachana kidogo, na hapo nikajua, Baba, kabla yeye mwenyewe hajajua. Nikamwambia twende, jua kali.

Pasaka alinitamkia. Tulikuwa kwenye ibada ya alfajiri makaburini, umande miguuni, tarumbeta zinaamsha wafu kama kila mwaka. Watu walipotawanyika kila mmoja kwenye makaburi ya kwao, yeye alikaa kwenye lako kuliko kawaida, midomo inacheza. Akaja kwangu akasema, "Mama, nimeomba kujiunga na wanamaji. Babu nimeshamwambia." Kumbe wewe ulijua kabla yangu! Nilikasirika na nyote wawili.

Nilimpa sababu nyingi. Nilisema bahari si ya watu wa milimani, akasema Babu alikuwa wa wapi. Nilisema enzi zako hakukuwa na mwanamke melini, akasema ndiyo maana. Nilisema basi awe mwalimu, mahali palipo na nidhamu na nchi kavu. Mpaka siku ya tatu ya begi mlangoni, tukiwa tunafunika kahawa jioni, aliniuliza taratibu tu, bila ubishi, "Mama, unaogopa nitakufa?"

Nikamwambia ukweli, nikausikia kwa mara ya kwanza pamoja naye. Nilisema, kufa kwako naogopa, mama gani haogopi. Lakini zaidi ya hapo naogopa kufa mimi, na wewe uko doria, ufike siku ya ishirini na zawadi mkononi. Nilimwona Mama akiangalia njia. Sitaki watu waniimbie huku wanaiangalia njia kwa niaba yangu.

Alishika upande wake wa turubai. Hakuniambia siku hizi kuna simu, ingawa nilijua analifikiri. Alisema, "Basi nitabaki. Kama ndilo hilo, nitabaki, Mama."

Na alimaanisha. Angeenda kulichukua begi mlangoni, akalifungua, akatundika nguo zake, na asingeninunia hata siku moja. Nilimtazama nikaziona Jumatatu zake zote zimepangwa mbele yake, na mimi niko katikati yazo nikiwa na duka na benchi. Ushindi ule ule, Baba. Ulikuwa umekuja tena mkononi mwangu na ulikuwa mwepesi kuupokea.

Nikamwambia, "Malizia kufunga hiyo kamba, tuingie ndani."

Alipiga magoti sebuleni, pale pale ulipopiga wewe. Nikaweka mkono kichwani mwake. Amenyoa, kichwa chake kina joto kama alipokuwa mchanga. Nilianza na maneno yetu ya kawaida, yale ya Babu, ya safari njema na malaika njiani, yakaniishia katikati. Ndipo nikasema, "Bwana, naogopa. Huyu nampenda kuliko ninavyojua kusema. Mpe macho ya kuona mbali, na wakubwa wenye huruma, na usingizi wa kutosha. Na siku yangu ikifika akiwa majini, asikimbilie kaburi langu kwa hofu, amalize zamu yake. Mimi sitamdai." Sauti yangu haikuwa nzuri. Nikasema Amina, naye akasema Amina.

Jana asubuhi nilimsindikiza hadi Vwawa. Alipanda basi bila kugeuka, nadhani aliogopa nitafanya nilivyofanya nikiwa na miaka minane. Nikarudi huku kwako badala ya kwenda dukani, nimelala kitandani pako, na tangu nimeamka moyo wangu bado upo pale sebuleni, kwenye ile dakika moja baada ya maombi, ambayo sijamsimulia mtu.

Nisamehe zile Jumatatu, Baba. Nilikuwa mdogo, na nilikuhitaji, na ukabaki, na kila siku uliyobaki nilikuwa na furaha. Hilo nalo ni kweli na sitalificha ili nionekane nimejuta vizuri.

Dakika yenyewe ni hii. Amina ilikuwa imetamkwa, wote tumefumba macho, nje ndege wanarudi mikaratusini. Sekela hakuinuka. Nilidhani bado anaomba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu, "Mama, Amina imeshapita."

Nikaondoa mkono.

Pumzika, wewe na Mama, na Daudi katikati yenu.

Ni mimi binti yako,
Mama Sekela